Gari limekuwa zito Dodoma? Usikimbilie kutoa masega

Gari dogo lililozoea Dar es Salaam likihamia Dodoma hupungukiwa nguvu, na hakuna fundi awezaye kuzirudisha zote. Dar es Salaam iko pwani. Dodoma mjini iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12. Pistoni ikishuka kuvuta hewa inapata hewa nyepesi kwa kiasi hichohicho, na kompyuta ya gari nayo inapunguza petroli ili ilingane na hewa iliyoingia. Toyota IST ya cc 1,300, yenye injini ya 2NZ-FE, ilitoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 87. Ikifika Dodoma inabaki na 77 hivi. Ukiendelea nayo hadi Singida, karibu mita 1,500, zinapungua tena.

Hayo ni maumbile ya nyanda za kati, gari halina kosa. Ila mwenye gari haelezwi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wamekuja na familia zao, biashara zikawafuata, na mji ukajaa magari yaliyozoea pwani. Sensa ya watu ya 2012 iliwakuta wakazi 411,000 hivi katika Dodoma Mjini; ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 765,000 katika Jiji. Mgeni anatoka kazini Mtumba, anataka kulipita lori pale Ihumwa, anakanyaga mafuta na gari linasita. Gea ya otomatiki inashuka namba, injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Akifika gereji, mara nyingi jibu huwa tayari kabla boneti haijafunguliwa: "Bosi, hapa ni masega tu. Tukiyatoa gari litapumua."

Nauweka msimamo wangu wazi mapema ili msomaji asipate tabu ya kuutafuta. Masega mazima hayazuii gari kupumua, na kuyatoa hakutakurudishia nguvu zilizobaki pwani. Masega yaliyoziba kweli yapo, na hayo ni lazima yashughulikiwe, lakini hayakuziba yenyewe. Kuna kitu kwenye injini kimeyaua, na kitu hicho kitaendelea kuiua injini baada ya kopo tupu kurudishwa mahali pake.

Masega ni kile kikopo kilichovimba kwenye bomba la moshi, kati ya injini na sailensa. Kwenye magari mengi madogo ya miaka ya karibuni kimefungwa karibu kabisa na injini, palepale moshi unapotokea. Ndani yake mna tofali la udongo maalumu unaostahimili moto, lenye vitundu vinavyopita moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi mwingine, zaidi ya 60 katika kila sentimita moja ya mraba. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa tabaka jembamba la madini ya platini, paladi na rodi. Ukilishika tofali zima ukalielekeza dirishani unaona mwanga wa upande wa pili bila shida, na ukilipuliza kwa mdomo pumzi inapita bila kukwama. Lililoyeyuka unalijua hapohapo: uso wake unang'aa kama kioo, vitundu vya katikati vimejifunga, na mwanga hauonekani.

Moshi unaotoka kwenye silinda una sumu kuu tatu: kaboni monoksidi, petroli ambayo haikuungua, na oksidi za nitrojeni. Ukigusana na madini yale katika joto la kuanzia nyuzi 250 hadi 300 hivi, kaboni monoksidi na petroli iliyobaki zinaungua na kuwa hewa ya ukaa na mvuke, na oksidi za nitrojeni zinavunjwa kuwa nitrojeni ya kawaida, ile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta. Masega mazima yakishapata moto huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo. Hayapunguzi hewa ya ukaa inayopasha dunia joto, na asikudanganye mtu kwamba yanafanya hivyo. Kazi yake ni kumlinda anayevuta hewa ya barabarani leo.

Marekani ilipitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1970, na magari ya toleo la 1975 yakaanza kufungwa masega kwa wingi. Japani iliweka viwango vikali kwa magari ya petroli mwaka 1978. Maana yake ni kwamba karibu kila gari la petroli kutoka Japani linalotembea mitaani kwetu limesanifiwa likiwa na masega tangu kwenye karatasi. Kipenyo cha bomba, hesabu za kompyuta na muda wa kufungua valvu vyote vilipangwa yakiwemo. Mhandisi aliyeipa IST farasi 87 alizipima masega yakiwa yamefungwa.

Sasa kwa nini mafundi wetu, ambao wengi wao ni hodari, wameshikilia ushauri huu? Wengine wamerithi. Ulikuwa ushauri sahihi zamani. Petroli iliyouzwa Tanzania hadi katikati ya muongo wa 2000 iliwekwa risasi, na risasi huyafunika madini ya masega na kuyaua ndani ya muda mfupi. Gari lenye masega likinyweshwa petroli ile lilibaki na tofali lisilofanya kazi, na baada ya muda lililoziba. Fundi wa miaka ya 1990 aliyelitoa alikuwa anaokoa gari. Kisha nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeacha, Tanzania ikiwemo. Nchi ya mwisho duniani kuacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Sababu ya ushauri imeondoka miaka mingi; ushauri umebaki gereji ukipokezwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake.

Yalibaki mafuta yaliyochakachuliwa. Wengi tunakumbuka petroli na dizeli zilivyochanganywa na mafuta ya taa, hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ikaanzisha vinasaba vya kutambua mafuta halali mwaka 2010 na serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa faida ya mchezo huo. Petroli yenye mafuta ya taa haiungui vizuri, injini inagonga, na mabaki yanakwenda kuunguzwa ndani ya masega. Salfa nayo imepungua. Mwaka 2015 viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vilianza kutaka dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, na petroli isizidi 150. Masega yanaishi na petroli hiyo.

Kwa hiyo masega ya leo, hapa Dodoma, yanauawa na nini? Kwanza kabisa ni misi. Koili ya silinda moja ikichoka, au plagi ikiachwa hadi ncha zake zikalika, petroli ya silinda ile inatoka mbichi hadi kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya tofali. Joto linapanda kupita kiasi na udongo unayeyuka. Ndiyo maana magari mengi yametengenezwa taa ya cheki injini ipepese misi inapokuwa kali. Taa iliyowaka tu na kutulia inakuambia uende gereji ukipata nafasi. Taa inayopepesa inakuambia upunguze mafuta sasa hivi, usimamishe gari mahali salama, kwa sababu masega yanaungua dakika hiyo. Madereva wengi sana hawajui tofauti hii, na ingetosha kuokoa masega mengi kuliko ushauri mwingine wowote nitakaoutoa hapa.

Pili ni injini inayokula oili. Ringi zikiisha, oili inaungua silindani na majivu yake yanakwenda kukaa kwenye uso wa masega. Gasketi ya hedi ikiungua, maji ya rejeta yanafanya vivyo hivyo. Tatu ni barabara: jiwe likipiga kopo kwenye njia ya kuelekea kijijini, tofali linapasuka, vipande vinazunguka na kuziba njia. Utalijua kwa kuligonga kidogo kwa nyundo ya mpira gari likiwa limepoa. Likisikika kama kokoto ndani ya debe, limevunjika.

Vumbi ni habari nyingine, nayo inahusu sana ukanda huu. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni chache mno, na upepo wa Dodoma unajulikana. Chujio la hewa ambalo Dar es Salaam lingedumu hadi sevisi inayofuata, hapa linaweza kujaa nusu ya njia, hasa kwa anayeingia kila siku mitaa ya Nkuhungu au Nzuguni ambayo haijawekewa lami. Vumbi likipenya linaganda kwenye sensa ya kupima hewa, ile ndogo iliyo kwenye bomba baada ya chujio, na kompyuta inaanza kukosea hesabu ya petroli. Gari linakuwa zito, mafuta yanakwenda, na masega hayahusiki. Kabla ya jambo lolote fungua boksi la chujio ulikague. Usilisafishe kwa kulipiga chini wala kulipuliza kwa kompresa yenye nguvu kutoka nje kwenda ndani, maana karatasi inachanika na vumbi linapata njia ya mkato. Nunua jipya.

Tukishamaliza hayo na bado gari ni zito, tupime. Kipimo ni rahisi kiasi kwamba kukosekana kwake gereji nyingi kunasikitisha. Fundi anafungua sensa ya kwanza ya oksijeni, iliyo kabla ya masega, na kwenye tundu lake anafunga bomba la geji ya mgandamizo. Injini inawashwa hadi ipate moto. Ikiwa sailensi, geji isizidi PSI 1.5 hivi. Ikipandishwa hadi mizunguko 2,500 na kushikiliwa hapo, isizidi PSI 3. Masega mazima mara nyingi hayafiki hata nusu ya hapo. Sindano ikipanda hadi 6 au 8, na ikiendelea kupanda kadiri unavyoshikilia mafuta, moshi umekosa pa kutokea na fundi wako yuko sahihi. Kazi yote haizidi nusu saa, na hakuna kilichokatwa.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari inasaidia, lakini isomwe kwa akili. Namba P0420 ndiyo inayowapotosha wengi. Inasema kwamba masega hayasafishi moshi inavyotakiwa, haisemi yameziba. Gari lenye P0420 linaweza kuwa na nguvu zake zote. Tena namba hiyo huletwa hata na tundu kwenye bomba au sensa iliyozeeka. Fundi mzuri ataangalia sensa mbili zikifanya kazi: ya mbele, katika magari mengi, inapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kukoma, na ya nyuma, baada ya masega mazima, inatulia karibu na 0.7. Zikicheza zote mbili kwa pamoja, masega yamechoka. Namba za P0300 hadi P0304 ni za misi, na zikionekana pamoja na P0420, anza na misi. Ukibadilisha masega ukaacha misi, utanunua mengine kabla ya mwaka kwisha.

Tuseme hukupima, umekubali yatolewe. Mara nyingi kazi hufanywa hivi: kopo linakatwa dirisha kwa grenda, tofali linavunjwa kwa nondo, vipande vinakung'utwa kwenye gunia, kisha bati linachomelewa tena ili kwa macho kusiwe na tofauti. Gari linatoa mlio mzito zaidi, na mlio huo humfanya dereva aamini kwamba nguvu zimeongezeka. Kama masega yalikuwa mazima, nyongeza halisi ni ndogo kiasi kwamba mguu hauwezi kuisikia. Ulaji wa mafuta haupungui. Taa ya cheki injini inawaka ndani ya siku chache kwa sababu sensa ya nyuma inaona moshi mchafu. Hapo unarudi gereji, na fundi anaisogeza sensa mbali na moshi kwa kipande cha chuma ili kuidanganya, au anaifuta taa kila ikiwaka, au anakuambia uizoee. Hilo la tatu ndilo baya zaidi. Taa iliyozoeleka haimwambii mtu kitu tena. Siku koili itakapokufa, au sensa ya joto la maji itakapogoma mkiwa Manyoni usiku na watoto nyuma, taa itakuwa imewaka vilevile kama jana.

Na lile gunia linakwenda wapi? Mwenye gari anapaswa kuuliza. Rodi iliwahi kuuzwa karibu dola 29,000 za Marekani kwa aunsi moja mwanzoni mwa 2021, zaidi ya mara kumi ya bei ya dhahabu wakati huo. Bei imeshuka sana baadaye, lakini gramu chache za madini yaliyomo kwenye tofali moja bado ni fedha, na wanunuzi wa masega chakavu wanazijua gereji. Sisemi kila fundi anayetoa ushauri huu ana tamaa. Nimeshaeleza kwamba wengi wamerithi. Lakini mtu anayekutoza fedha ya kutoa kitu, kisha anakiuza, ana maslahi mawili katika jibu analokupa. Kama ni lazima yatoke, ondoka nayo wewe.

Kwa magari ya dizeli mambo ni magumu zaidi, na hapa sina neno moja kwa wote. Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, inayopeleka dawa na chanjo vijijini Kondoa na Mpwapwa, kwa kawaida haina masega wala chujio la masizi, hivyo hakuna cha kutoa. Ikitoa moshi mweusi inapopanda Sekenke na mzigo, sababu ni ileile ya hewa pungufu: pampu inaleta dizeli, hewa haitoshi kuiunguza yote. Nozeli na pampu zipimwe, chujio libadilishwe, na dereva apunguze mguu.

Magari ya dizeli yenye valvu ya EGR yana kisa kingine. Valvu hiyo inarudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupoza mwako na kupunguza oksidi za nitrojeni. Baada ya muda masizi yanajaa, yanachanganyika na mvuke wa oili, na njia ya kuingizia hewa inakuwa nyembamba kama mshipa wa mtu mwenye shinikizo la damu. Wengi wanaiziba kwa kipande cha bati. Naelewa kinachowasukuma, lakini dawa ni kuifungua na kuisafisha, pamoja na njia yote ya hewa, kila baada ya kilomita nyingi za kazi. Ukiziba, mwako unakuwa wa joto zaidi, na kwenye injini nyingi za kompyuta namba ya P0401 inaleta taa na wakati mwingine injini inajipunguzia nguvu yenyewe.

Chujio la masizi, ambalo mafundi wanaliita DPF, ndilo linalowatesa walionunua Mazda CX-5 ya dizeli kutoka Japani, na wengine kama wao. Chujio hilo linakusanya masizi, kisha linajichoma kwa joto la nyuzi 600 hivi ili kujisafisha. Kujichoma kunahitaji mwendo usiokatika. Anayetoka Area D kwenda Bungeni na kurudi, siku nzima, halipi nafasi hiyo. Kompyuta inamwaga dizeli ya ziada ili kupandisha joto, gari linazimwa katikati ya kazi, na dizeli inashuka kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili cha CX-5 ya dizeli utaona alama ya X juu ya alama ya kujaa. Imewekwa kwa sababu hiyo: oili ikipanda hadi hapo, imechanganyika na dizeli na lazima imwagwe. Isipomwagwa, injini inazungukia oili iliyopoteza unene, na hapo ndipo CX-5 nyingi zinapofia.

Dawa yake ni nidhamu. Mara moja kwa wiki peleka gari Bahi na urudi, mizunguko ikiwa juu ya 2,000 bila kusimamasimama. Tumia oili ya majivu machache, iliyoandikwa JASO DL-1 kwa dizeli ndogo za Kijapani, badala ya oili yoyote ya dizeli iliyopo dukani. Na kama maisha yako yote ni safari za dakika kumi ndani ya mji, usinunue gari lenye chujio hilo. Nunua la petroli. Ni bora kukataa gari sokoni kuliko kulinunua na kulipasua.

Prado za dizeli za kuanzia 2015 zenye injini ya 1GD-FTV, zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani, pamoja na malori mengi ya Ulaya yanayopita hapa kwenda Isaka, Rwanda na Kongo, yana tangi la ziada la AdBlue. Hayo ni maji safi sana yenye urea asilimia 32.5. Yakiisha, gari linatoa onyo na hatimaye linakataa kuwaka. Kuna wanaoikoroga mbolea ya urea ya mahindi na maji ya bomba. Tafadhali usifanye hivyo: uchafu wa mbolea na chumvi za maji ya Dodoma vinagandisha pampu na nozeli yake, na kuzibadilisha ni ghali kuliko AdBlue ya miaka. Wengine wanaufuta mfumo huo kwa programu ya kompyuta. Volkswagen ilifanya jambo la ukoo huohuo kiwandani, na lilipofichuka Septemba 2015 ilikiri kwamba magari milioni 11 duniani yalikuwa na programu ya kudanganya kipimo. Kampuni ililipa mabilioni ya dola. Huku kwetu anayelipa ni mtu aliyesimama kituoni akisubiri daladala.

Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Gari la petroli lisilo na masega, lenye bomba lililochomelewa vibaya chini ya miguu ya dereva, linaweza kuileta ndani ya kabini vioo vikiwa vimefungwa, na asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma watu wanafunga vioo. Kamwe usilale ndani ya gari linalounguruma, liwe na masega au lisiwe nayo. Jirani zetu wa barabarani ni bodaboda, mama lishe na watoto wa shule za msingi zilizo kando ya barabara kuu. Hao hawana vioo.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu ni kweli. Kopo la masega linakuwa na moto mkali. Kuanzia Julai nyasi za nyanda za kati zinakuwa kavu, na gari likiegeshwa juu yake baada ya safari ndefu linaweza kuwasha moto. Bati la kuzuia joto linalozunguka kopo lina kazi, na mafundi hulitupa likianza kulia. Lirudishwe. Na usiegeshe kwenye nyasi.

Sheria tunayo. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007. Tunayo pia stika ya Nenda kwa Usalama, ambayo kabla ya kupewa gari linakaguliwa breki, taa na matairi. Mwaka 2020 wakaguzi wa Uholanzi walichunguza magari makuukuu yaliyokuwa yakisafirishwa kwenda Afrika na wakakuta mengine masega yameshatolewa kabla ya kupakiwa melini. Kama hatupimi moshi, hatuwezi kulikataa hata gari la namna hiyo. Naiomba TEMESA, inayotengeneza magari ya serikali, iwe ya kwanza kuweka mashine ya kupima moshi katika karakana yake ya Dodoma na kuanza na magari ya umma. Naiomba VETA iweke kipimo cha mgandamizo wa ekzosi kwenye mafunzo ya kila kijana anayesomea ufundi wa magari.

Anayebaki ni yule ambaye geji imemwonyesha 7 na mfuko wake hauna fedha ya masega mapya ya kiwandani, ambayo ni ghali kuliko wengi wetu tunavyoweza. Simlaumu. Injini yenye ekzosi iliyoziba inajipika, na haiwezi kusubiri. Atengeneze kwanza kilichoyaua: koili, plagi, ringi au gasketi. Kisha atafute masega yaliyotumika kutoka gari lenye injini hiyohiyo, ayaangalie kwenye mwanga kabla ya kulipa, ayatikise asikie kama kuna kinacholia ndani. Yapo pia ya kampuni nyingine yanayochomelewa kwenye bomba. Hayadumu kama ya kiwandani lakini yanafanya kazi. Kopo tupu liwe la kumfikisha mwisho wa mwezi tu.

Wewe mwingine, ambaye bado hujapima, mwombe fundi akuonyeshe namba kwenye geji kabla hajagusa bomba. Asiye na geji hawezi kujua kama masega yameziba, na hastahili kulipwa kwa kubahatisha.